Chuma

Baba yangu alinoa visu Tabora,
baiskeli imeegemezwa gongo, gurudumu la nyuma likizungusha jiwe,
cheche zikimrukia kwenye ndala.
Mimi nanoa viatu vya barafu Duluth, chini ya ngazi za uwanja,
dola nane kwa jozi, na mashine yangu ina feni ya kunyonya vumbi.
Kazi ni ileile. Methali ni ileile:
mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Ila huku nimejifunza nusu ambayo baba hakuisema:
kunoa ni kupunguza.

Kila jiwe likipita, chuma kinaliwa unywele mmoja.
Basi nikitaka kujua kijana katoka mtaa gani
simuulizi. Naweka kidole gumba ubavuni mwa chuma.
Kikipanda hadi kwenye fundo la kidole, huyo ni wa mlimani, mashariki,
nyumba zitazamazo ziwa, baba daktari wa mifupa,
kambi ya hoki kila kiangazi, mwalimu wake peke yake alfajiri,
na jozi mbili za akiba ambazo hazijawahi kulowa.
Kikiishia kwenye ukucha, huyo ni wetu wa magharibi,
kule gatini, treni zinakomwaga mawe mekundu melini.
Viatu vimepita kwa kaka, kwa binamu, kwa jirani aliyehamia Fargo;
kwenye ulimi majina matatu yamekatwa kwa kalamu,
la nne limebanwa pembeni.
Babu zao wote, wa juu na wa chini, waliishi kwa chuma.
Wengine walikichimba.
Wengine walichuma.

Siku ya nusu fainali ya kanda Kaleb Saari akaniletea vyake.
Nikapima. Mapito mawili zaidi na jiwe lingegusa plastiki.
Mama yake nyuma, bado na sare ya kufulia mashuka hospitalini,
anahesabu noti polepole, kana kwamba zingezaana mkononi.
Chini ya meza nina ndoo ya vyuma walivyotupa watoto wa mlimani.
Nikachagua viwili vya saizi yake, vyenye mwaka mzima ndani.
Nikavifunga. Sikusema kitu.

Punde akaja Weston Haugland, nahodha wa mlimani,
mwenye adabu, huniita bwana.
Ningeweza.
Jiwe liyumbe kidogo tu, ukingo mmoja uzidi mwenzake,
kona ya kwanza ingemlaza chali,
na asingejua mtu ila mimi na marehemu baba.
Jiwe likapita sawasawa.
Mtoto hakuchagua kilima.

Saba kwa moja.
Wao vikosi vinne vya kupokezana, sisi viwili na nusu;
kufikia kipindi cha tatu vijana wetu walipumua
kama bomba la moshi lililoziba.
Lile moja alifunga Kaleb. Alipokonya paki katikati,
akakata kona kwa mguu wa kushoto, barafu ikalia
mlio ninaoujua, mlio wa chuma kilichoshiba,
na golikipa akalala upande usio.
"Mnaona?" alisema mtangazaji. "Bidii haina mtaa!"
Watu wakasimama, wa pande zote, wakapiga makofi.
Mimi nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikakifinya mpaka mafuta yakatoka.

Novemba hii mama Saari amerudi na mdogo mtu, Onni.
Viatu vilevile. Jina la nne limekatwa.
Magharibi watu hulitaja neno Machi
kama jina la mji ambao basi lake halipiti kwao:
ndio mwezi wa fainali za jimbo,
na mara ya mwisho tulipofika, mimi sikuwa nimeiona theluji.
"Vitafika Machi?" akauliza.
Nikaweka kidole gumba. Ndoo ilikuwa tupu;
siku hizi kuna duka mlimani linalonunua vyuma vikuukuu.
"Januari," nikasema.
"Na mwambie asikanyage sementi."