Riali Sita

Kule sanaiya ya Mabela wanabadilisha oili kwa riali sita,
na chai ya maziwa juu yake, ya kikombe cha karatasi.
Mimi nikasema: riali sita za nini?
Mikono hii imeendesha boza la maji miaka kumi na tisa,
Ruwi mpaka Ibri, na halikunilaza njiani
ila mara mbili, na zote mbili kosa la tairi.

Ijumaa. Saa mbili asubuhi na joto limeshagonga arobaini,
matofali ya uani yanachoma hata kupitia kandambili.
Nikatandika boksi la friji, nikaingia kwa mgongo.
Tumbo langu likagusana na tumbo la Kamri,
tukasalimiana kama watu waliogombana.

Zuwena mlangoni: "Hilo si beseni langu la maandazi?"
Sikujibu. Mtu aliye chini ya gari hajibu.

Kizibo kilikuwa na shimo la pembe sita.
Hapo ndipo ningeuliza.
Mwaka jana kilitaka spana namba kumi na nne,
nakumbuka, maana niliiazima kwa Mundhiri na sijairudisha.
Lakini moyo ukishajiita fundi
hauulizi, unatafuta chombo kinachoingia.
Kikaingia.

Ikatoka nyekundu.
Nyekundu ya maji ya ubuyu, nyepesi, inang'aa,
ikanimwagikia kwapani ikashuka mpaka kiunoni,
na mimi, wallahi, nikafurahi.
Nikasema: tazama oili ilivyo safi!
Gari hili limetunzwa.

Nikaziba. Nikatia lita nne mpya kule juu
kwa chupa ya maji niliyoikata kitako,
nikapangusa, nikakoga, nikavaa kanzu na kofia.
Ufunguo. Injini ikaitika.
Nikatia gia ya mbele.
Ikanguruma, paka akaruka ukuta, gari halikujongea.
Nikatia ya nyuma.
Ukuta palepale, mimi palepale,
na muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti.

Msikitini nilikwenda na gari la Mundhiri,
nimeipakata spana yake.

Jioni akaja Shajahani, kijana wa gereji.
Akachuchumaa, akachovya kidole kwenye beseni,
akanusa, akanitazama kwa huruma ya daktari wa meno.
"Arbabu, hii ya gia. Injini yako imekunywa mara mbili."
Riali thelathini na tisa na baisa mia tano,
na chai nilimpa mimi.

Nikampigia Thuwaiba, yuko Fahud kazini,
binti yangu, injinia, anayetoa mafuta asiyoyaona
kilomita mbili chini ya mchanga.
Nikamweleza pole pole, nikiruka mambo.
Kimya. Nikadhani mtandao.
Kisha nikamsikia anavyojizuia, kwa pua, kama mama yake.
"Baba, yalikuwa rangi gani?"
"Yalikuwa safi," nikasema.

Zuwena hakuniambia rahisi ghali.
Alinunua beseni jingine, la buluu,
akaliandika kwa wino mzito: UNGA.
Doa lipo uani. Nimelisugua kwa sabuni,
kwa mchanga, kwa petroli usiku asinione mtu;
limekuwa waridi tu, na jua linalila kwa starehe zake.

Alhamisi Thuwaiba alirudi.
Hata begi hakuliingiza ndani.
Akajilaza pembeni yangu juu ya boksi lilelile,
vumbi la Fahud kwenye ukingo wa mtandio,
taa ya simu mkononi.
"Hiki cha injini, baba. Na hiki cha gia."
"Najua."
"Najua kama unajua," akasema,
wala hakuizima taa.