Kwa Niaba ya Mtoto

Februari, Wisconsin. Theluji imefika madirishani,
nami nina simu, kalamu na dodoso la kurasa kumi na mbili.
Watoto wa miaka sita hadi kumi na mitano
hawahojiwi, yasema kanuni. Mtu mzima wa nyumba atawajibia.

Je, mwaka uliopita mtoto alivua samaki? Siku ngapi?
Aliwinda? Siku ngapi?
Alitazama wanyama pori kwa kusudi, si kwa bahati?
Siku ngapi?

Bi Solveig Haugen, namba 0388, anachekea puani:
mjukuu wake alikaa kwenye tundu la barafu tangu alfajiri,
samaki alipouma akamlilia, akamrudisha majini
akamwomba radhi.
"Sasa huko ni kuvua, au ni kulia?"
Naandika: moja.

Namba 0402 wamekata simu.
Namba 0409, baba anataka kujua
serikali humfanya nini mtoto aliyepiga kindi bila leseni.
Mimi ni wa kuhesabu, bwana, si wa kukamata.
Kimya. Kisha: "Sifuri."
Nyuma yake sauti nyembamba: "Baba, na wale watatu?"
Naandika sifuri. Kalamu haina masikio mawili.

Namba 0417. Bwana Chue Neng Lor wa kiwanda cha karatasi,
ametoka zamu ya usiku, mashine bado zinanguruma kooni mwake.
Binti mmoja, Pahoua, miaka tisa.
Kuvua, hapana.
Kuwinda? Anafikiri.
"Huenda msituni na mjomba wake. Hashiki bunduki,
hubeba mfuko. Ila yeye ndiye humwona kindi kwanza,
macho ya mjomba yamechoka."
Napekua mwongozo. Kuwinda ni kupiga, au kujaribu kupiga.
Kuona kwanza hakumo.
Kubeba mgongoni, maili mbili,
joto la mnyama likipoa taratibu kwenye turubai, hakumo.
"Basi hapana," anasema kwa adabu, kama aliyenikosea.
Kutazama wanyama?
"Labda siku mbili."

Hapo simu ikanyakuliwa.

"Mia na kumi na mbili! Ninalo daftari.
Machi tatu, kigong'ota kwenye nguzo ya umeme,
aligonga wee, hakupata kitu.
Machi tisa, fisi maji, nyuma ya duka la matairi,
anateleza kwa tumbo, anapanda, anateleza tena,
sikumwambia mtu maana wangekuja.
Bundi mara nne. Hapana, tatu.
Wa nne alikuwa mfuko wa plastiki, nimeshamfuta."

Akavuta pumzi.

"Na siku nilizotazama nisione kitu,
hizo mnazihesabu?"

Miaka kumi na mmoja ninaifanya kazi hii.
Nimeulizwa mshahara wangu, dini yangu, kama ni mashine.
Hilo sijaulizwa.
Nilikuwa bado nageuza kurasa
baba alipoichukua simu: "Samahani, mama. Andika mbili."

Mhojiwa halali amejibu. Niliandika mbili.

Kiangazi ripoti itatoka, ina jedwali zuri,
na penye watoto kama Pahoua pana kinyota,
na chini ya ukurasa maneno madogo kama mayai ya chawa:
sampuli ni ndogo, soma kwa tahadhari.

Saa ya chakula sikula.
Nilisimama dirishani, nikaangalia maegesho,
magari sita chini ya blanketi moja, uzio,
mti ambao sijawahi kuuliza jina lake.
Nusu saa. Kwa kusudi.
Hakikupita kitu, hata mfuko wa plastiki.

Nikarudi mezani, nikageuza dodoso la 0417,
nyuma, kule kusiko na visanduku,
nikachora kistari kimoja,
nisijue ninakiandika kwa niaba ya nani.