Utenzi wa Baghala Aliyeuzwa Mara Tatu

Sogea kiti, mwenzangu,
pokea bisi za kwangu,
leo ni filamu yangu
yaoneshwa ukumbini.

Hapa mji wa Pelika,
Montana, penye baraka
za theluji nusu mwaka
na pepo za milimani.

Ukumbi huu wa kale
ulijaa sufu tele,
na harufu ipo ile
ya kondoo ukutani.

Kila mwaka, siku moja,
hata vikongwe hungoja,
wakikohoa pamoja
foleni, barabarani.

Haina rangi filamu,
ingawa kwetu ni tamu,
na sauti yake ngumu
kama mchanga menoni.

Anatokea Pulsifa,
Kanali bila taifa,
mdomo wajaa sifa,
senti hana mfukoni.

Koti lake la mkia
nondo wamejilimia;
chupa kumi kafungia
za mvua, maungoni.

Huuza tone kwa tone,
wingu hata wasione;
"Kesho," asema, "mvune,
mjaze ghala pomoni!"

Ila kubwa biashara:
Delfina, baghala bora;
humuuza, kumbe dira
ameficha kifuani.

Amuuza kwa mhunzi:
akakata na kitanzi,
akaruka kama panzi
kumfuata nyikani.

Akauzwa kwa kasisi:
akangoja, hana wasi,
kufika "Amina," basi,
yupo tena mlimani.

Wa tatu ndiye sherifu
mwenye ndevu ndefundefu;
akatoa noti safu
bila kuvaa miwani.

Watatu wakakutana:
"Huyu wangu toka jana!"
mkia wakivutana
na masikio, njiani.

Pulsifa akakimbia,
pipani kabingiria
bonde zima, akilia
"Mama yangu!" miambani.

Delfina kamngojea
bondeni, akamwendea,
teke kamsogezea
la haja, makalioni.

Hapo ukumbi huvuma,
bisi huruka kwa nyuma,
shangazi Ragna husema:
"Teke hilo si la fani!"

Nipe na sikio lako,
ushike na bisi zako,
kuna hadithi ya huko
isiyo mle pichani.

Mwaka ule wa ukavu,
ng'ombe wote mbavumbavu,
na benki kama ni nyavu
zimetegwa mlangoni,

wakaja magari saba,
maneno yao mahaba,
kuna hata mkataba
umepambwa na saini.

Wakakodi nyumba zetu,
farasi na mbwa wetu,
na Delfina, mali yetu:
"Tutalipana mwishoni."

Babu Halvori mwenyewe
kapangwa atapeliwe,
chupa ya maji apewe,
ashukuru kamerani.

Wiki ya sita, usiku,
wakala wa mwisho kuku,
wakatokomea huku
mji ungali ndotoni.

Na Delfina wakaiba,
deni dola mia saba;
kumbe ule mkataba
wasema "Pulsifa" chini!

Hakimu alipoona
jina, akacheka sana,
akasema: "Sasa, wana,
nimfunge nani, nani?"

Theluji ilipotanda
Ragna, mtoto, kapanda
uani, kwenye kibanda,
kachungulia bondeni.

Kitu chaja polepole,
na masikio ni yale,
kijito kavuka kile
na barafu mabegani.

Kichwani, we, usicheke!
kofia pana si yake,
kamnyang'anya mwenzake;
koti nalo mgongoni.

Mfukoni mna chupa,
i ngumu kama mfupa;
Ragna hakuja itupa,
ipo kwake kabatini.

Filamu ikatujia
miaka imepitia,
Ragna kajinunulia
kwa dola tatu, sokoni.

Mwisho, juu ya kilima,
Pulsifa hututazama,
kwa kofia huinama,
hutuaga kwa hisani.

Nasi hapo twapaliza,
mikongojo twaicheza,
"Lipa!" kelele za kiza
zafika hadi darini.

Ragna tu hapigi yowe;
hungoja Delfina awe
mkubwa kama mwenyewe
pale mbele, ukutani.

Ndipo anapoinuka,
mkono unanyooka,
kivuli chake chafika,
na bisi, hadi puani.