Akiba ya Mshono

Mimi Faki Shoka, fundi cherehani, Wete,
mlango wa tatu ukishuka kuelekea bandarini,
viuno vya watu navijua kwa inchi
kuliko ninavyowajua kwa majina.
Changu nilikuwa nakificha.
Kila Mfunguo Mosi nafumua suruali ileile ya kijivu,
natoa nusu inchi ya akiba, nashona tena,
nasema kitambaa kimerudi, sabuni za siku hizi kali.
Mwaka jana nikafumua, nikakuta akiba imekwisha.
Mbele ya uzi hakuna nguo tena. Kuna mimi.

Nesi Mwanamvua akanipa karatasi ngumu, pande mbili:
usile, usile, usionje, usiguse.
Wali marufuku. Mbatata marufuku. Halua, lahaula.
Nikaibandika ukutani pembeni ya kioo,
wateja wakadhani bei mpya.
Siku ya kwanza nilikula tango na hasira.
Siku ya pili, hasira bila tango.
Siku ya tatu harusi Konde, kwa binamu yangu;
sinia likaja, tukalizunguka wanne,
wenzangu watatu wakashiba, wakanawa,
nikabaki nalo kama mdhamini wa deni la watu.

Usiku ule, tumbo limekaza kama ngoma iliyoota moto,
nikaibandua karatasi. Sikuichana.
Niliikata, ikawa kiolezo cha kola ya kanzu ya mtoto.
Mpaka leo naitumia.
"Usionje" imekaa shingoni, upande wa kulia.

Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa.
Kweli. Ndivyo nilivyojaa.
Hakuna siku niliyokula mlima:
ni kitumbua cha tano kwa Bi Kaije kwa kuwa chenji hana,
ni kijiko cha nne cha sukari kwa kuwa mkono umezoea,
ni ukoko walioacha watoto, usitupwe, dhambi.
Nikasema, basi mlango nilioingilia
ndio nitakaotokea.

Chai kwanza. Vijiko vinne vikawa vitatu na nusu.
Nusu! Mke wangu Bikombo alicheka hadi akakaa chini.
Wiki mbili ulimi ukanung'unika, chai chapwa, chai ya msiba,
kisha ukasahau.
Vikawa vitatu. Nilipofika viwili
nikakutana na kitu nilichokipoteza miaka: mdalasini.
Ulikuwamo siku zote,
umefunikwa gubigubi.

Bi Kaije nikamwambia, nifungie viwili.
Akanitazama kama niliyefiwa.
"Umekosana nami, Faki?"
Sijakosana. Hivi viwili navila nimekaa, navitafuna,
naijua hata hiliki yake;
vile vitano nilivimeza wima, macho barabarani.

Wali upo. Sikuuapiza, mimi si mgeni kwetu.
Ila sasa kisamvu ndicho kinachotangulia sahanini,
na kibua cha kuchoma, kisichoogelea
mafuta yaliyokaanga tangu Jumatatu;
wali unafika mwisho, kwa adabu,
unakaa palipobaki nafasi. Ukoko wanakula kuku.
Usiku njaa ikibisha hodi nauliza: nani?
Mara nyingi si njaa. Ni macho,
yametunga sindano tangu alfajiri.
Nayalaza.

Zipo siku nilizoteleza. Halua ya Idi niliila,
nikalamba vidole na kawa lake nikalifuta,
wala sikujiandikia faini.
Kesho yake chai ilikuwa ileile,
vijiko viwili.

Jana, mvua ya vuli juu ya bati, mteja hakuna,
nikaitwaa ile suruali ya kijivu, nikaivaa, nikajipima.
Sijawa kijana. Sijawa mwembamba.
Nusu inchi, basi, na nyuzi chache.
Nikatia pini, nikazungusha gurudumu taratibu,
na kwa ndani, penye giza, asipotazama mtu,
nikairudisha akiba.