Mambo ya Sasa, Isyonje

Habari zangu huja zimefunga maandazi.
Mama Lugano hununua magazeti kwa kilo kule Mwanjelwa,
hachagui tarehe,
kwa hiyo waziri ninayemsoma saa kumi na mbili asubuhi
ana doa la mafuta usoni
na huenda si waziri tena.

Mtihani wa chuo ni Jumamosi ya pili.
Karatasi ya kwanza: Maarifa ya Jumla na Mambo ya Sasa.
Hesabu sizihofii. Saba mara nane
haibadiliki mtu akisinzia.
Lakini sasa? Sasa ya wapi?
Hapa ukungu ukishuka kutoka mlimani
hata jana huioni vizuri.

Atlasi aliyoniachia mjomba Ambilikile
ina Sudani moja, kubwa, ya njano.
Nimeikata kwa kalamu, kwa kukadiria,
nikaandika Juba pale mkono ulipotua.
Swazilandi nimeifuta. Bujumbura nimeipiga mstari,
juu yake Gitega, kwa wino mwekundu.
Dunia ina masahihisho mengi
kuliko daftari langu la darasa la nne.

Kaka yangu Gwakisa hushona magunia barabarani.
Alasiri namshikia mdomo wa gunia,
naye anapitisha sindano
ndefu kama kidole cha mwalimu wa nidhamu.
"Mali?"
Bamako. Uzi unapita.
"Chadi?"
Ndjamena. Uzi unapita.
"Lumbesa ni nini?"
Hilo halimo kitabuni, nasema.
"Basi andika," anasema, akimimina debe la viazi
juu ya gunia lililokwisha kujaa,
kilemba juu ya kilemba,
"ni gunia moja kwa bei, moja na nusu kwa uzito,
na ni marufuku tangu sijaota ndevu."
Dereva wa Fuso anapiga honi.
Tunashona.

Usiku betri za redio hulala kando ya mafiga
zipate nguvu za robo saa.
Saa mbili kamili nyumba nzima kimya,
hata mbuzi mwenye kikohozi.
Naandika mbio, nusu gizani:
kikao kimeahirishwa (kipi, sikusikia),
thamani ya shilingi ime
kisha sauti inazama kama kijiko kwenye uji,
na mama anauliza, "Kwa hiyo mbolea imeshuka?"
Sijui, mama.
"Sasa hiyo redio inasoma nini?"

Nimekariri majibu mia tatu na arobaini.
Najua urefu wa Nile, ingawa vitabu viwili havipatani.
Naota nikitaja makao makuu ya mashirika
ambayo hayajatutumia hata barua,
na Bupe, ninayelala naye kitanda kimoja, ananipiga teke:
"Addis Ababa! Nimeshajibu mimi. Lala."

Jana andazi lilikuja na kipande hiki,
nimekibandika ukutani kwa ugali:
*amewahakikishia wakulima wa Nyanda za Juu Kusini
kwamba kuanzia msimu ujao bei ya mbolea itashu*
Hapo mkono wa Mama Lugano ulichana.
Itashuka? Itashughulikiwa?
Tofauti yake ni ya mvua na mawingu.

Leo ndiyo Jumamosi.
Gwakisa kaniombea nafasi mbele, kwenye Fuso la viazi.
Nimenunua andazi, na sina njaa,
nataka tu nusu ya pili.
Mama Lugano ananipa kwenye karatasi ya kaki,
mpya, safi, haina neno.
"Nimekuheshimu," anasema. "Mtu wa mtihani."

Nimeshukuru. Sikuwa na la kusema.
Upande ambao mafuta hayajafika
naandika, kalamu ikirukaruka kwenye kona za kuteremkia Uyole:
Isyonje, alfajiri. Ukungu.
Gunia hamsini na mbili, zote lumbesa.
Mbolea: bado.