Upande Unaokwaruza

Miaka thelathini na mmoja kazi yangu ni kubomoa:
maghala, mnara wa mgodi, kanisa moja lililoishiwa waumini.
Sijawahi kulipwa nibomoe mto
ili uwe mto.

Asubuhi ya kwanza niliposhusha ndoo ya katapila
kwenye mfereji wa Lohbach, nyuma ya nyumba za wachimba makaa,
zege lilipiga yowe kama jino bovu linalogoma kutoka.
Uvundo ulikwisha kuhamishwa,
umepewa bomba lake chini huko gizani,
lakini nyumba hazikuwa zimearifiwa.
Bado ziliupa mto kisogo, safu nzima,
kuta tupu bila dirisha,
kama watu waliogombana na jirani
mpaka wakasahau kugeuka.

Maji hufuata mkondo, walisema.
Hapa mkondo ulichorwa kwa rula
na maji yakafuata, yafanyeje.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema pia;
huu ulinyooshwa kabla baba yangu hajazaliwa
nasi ndiyo kwanza tunaukunja.

Siku ya nne akaja Bi Hedwig Sobotta
na kiti cha turubai na chupa ya kahawa.
Hakupiga picha kama wengine.
Alihesabu mabamba kuanzia darajani,
kwa kidole, midomo ikicheza,
akafika mia mbili na kumi na tatu.
“Hilo,” akasema. “Usilipasue.”

Mwaka wa hamsini na mbili mpira ulidondoka
na Alfons akaufuata.
Maji yalimfika kiunoni tu.
“Nililala kifudifudi nikamnyoshea mkono.
Akapanda, akateleza. Akapanda.
Kucha zikitafuta ufa, tundu,
kokoto moja iliyosahauliwa.
Lilikuwa laini kama sahani.
Mafundi walikuwa hodari.”
Akafunga kizibo cha chupa,
akakifungua, akakifunga.

Injinia Karaca alisema zege lote linasagwa,
ndivyo mkataba ulivyo.

Nililing'oa jioni, wengine wamekwenda kubadili nguo.
Lilipogeuka hewani tuliliona tumbo:
kokoto zimetoka nje kama magoti ya watoto,
alama ya gunia la saruji,
mzizi mweupe, mrefu, uliokuwa umeng'ang'ania huko
miaka yote, unakula nini sijui.
Bi Hedwig akaweka kiganja.
Akakisugua huku na huku
mpaka ngozi ikapata wekundu.
“Upande huu,” akasema,
“walikuwa nao siku zote.”

Sikumjibu. Ningesema nini?
Nikalilaza ukingoni, tumbo juu,
ngazi moja ya kushukia majini
na ya kupandia.

Daftarini bamba la mia mbili na kumi na tatu limesagwa.
Injinia alitia sahihi bila kuinua macho,
kisha akauliza, taratibu,
nimelipa mwinamo gani, lisije likahama mvua zikizidi.

Sasa ni Mei. Mto haujajua kupinda vizuri.
Kwenye kona ya pili unakwenda moja kwa moja,
unajigonga ukingoni, unarudi na matope,
kama mfungwa aliyeachiwa
anayesimama mbele ya kila mlango
akingoja afunguliwe.
Mierebi tuliyoichomeka, fimbo tu, imetoa majani
isipokuwa mitatu. Kereng'ende wamekuja
bila kuandikiwa barua.

Jumapili mtoto mmoja alitoka majini pekupeku
akalilalamikia lile bamba: linakwaruza!
Bi Hedwig alikuwa anamenya yai.
“Linakwaruza,” alimkubalia, akampa nusu.

Na leo, nikipakia katapila kwenye lori,
nimesikia msumeno wa ukuta katika nyumba ya tatu.
Vumbi jekundu la matofali
linatokea upande huu.