Kikao cha Malalamiko, Minnesota

Theluji imeziba dirisha. Tuko watano,
kahawa imepoa, jalada la Profesa Haugland
nene kama tofali.

Aliandika kuwa mgodi unatia sumu mtoni.
Mgodi ndio uliojenga maabara.
Akanyimwa ajira ya kudumu.

"Hatuhukumu mto," Lindqvist, mwenyekiti, akatukumbusha,
"tunahukumu utaratibu."
Basi tukahesabu siku, mihuri, sahihi,
hadi Okerlund akaona: barua ya mkuu wa kitivo
ilichelewa siku mbili.

Haki yake ikapenya kwenye ufa huo.
Kura nne kwa moja;
ile moja sisemi ya nani.

Mlangoni alinishukuru, kisha akauliza:
"Na vipimo vya maji, kuna aliyevisoma?"

Nikavaa glavu polepole,
kidole kimoja kimoja.